Mabubu wa Sauti ya Tatu

Wimbo ulipigwa kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne Inspekta alihisi kwamba ama jicho lake ama sikio lake lilikuwa linamdanganya, ila hakuweza kutambua ni lipi kati ya hayo mawili.

Chumba cha muziki cha kwaya kilikuwa chembamba kama ujia. Kilikuwa na dirisha moja lililogoma kufunguka, kabati la chuma, viti vya plastiki vilivyopandanishwa hadi karibu na dari, na meza iliyobeba kompyuta mpya ambayo skrini yake haikuwa bado imebanduliwa utando wake wa nailoni. Inspekta alikuwa ameketi kwenye kimojawapo cha viti vile, koti lake likiwa magotini. Hakuwa amelala vyema tangu mwanzo wa juma. Kesi yenyewe haikuwa yake. Aliyekuwa akiishughulikia alikuwa amepewa likizo, nayo ikasukumwa kwenye meza yake kama sahani chafu anayoachiwa mtu wa mwisho kuinuka. Asubuhi hiyo mkuu wa kituo alikuwa amechungulia mlangoni na kusema, "Yule bibi wa noti siwezi kuendelea kumweka mahabusu. Leo jioni nijue, anashtakiwa au anakwenda kwake."

Bibi wa noti alikuwa mchapaji wa muziki wa kwaya, mwanamke mwenye umri wa kustaafu ambaye hakutaka kustaafu. Nyimbo zote za kwaya zilikuwa zimetungwa na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, na yeye ndiye aliyeziingiza zote kwenye kompyuta, noti baada ya noti, tangu enzi za mashine ya kwanza. Aliyemshtaki kwa kuziharibu alikuwa kiongozi wa kwaya. Kiongozi huyo alikuwa mwana wa marehemu. Kwa maneno mengine, mtu alikuwa amemfungulia kesi shangazi yake.

"Tazama hapa, Afande," alisema kiongozi wa kwaya, akigonga skrini kwa ukucha. "Hapa sauti ya tatu inatakiwa inyamaze. Baba aliandika kimya. Wanawake wanaimba peke yao, ndio utamu wenyewe wa wimbo. Sasa ona: noti, noti, noti. Jumapili mazoezini, mbele ya kamati nzima, wanaume wakaziimba kama walivyoziona. Ikawa kama ng'ombe wameingia kwenye duka la vyombo."

"Na nyimbo nyingine?"

"Zote. Kila penye kimya, pamejazwa. Na onyesho la kumkumbuka Baba limekwisha tangazwa."

Inspekta hakujua kusoma noti. Kwake yeye ile mistari mitano ilikuwa seng'enge, na noti zilikuwa ndege waliotua juu yake. Alichoweza kukifuata ni mstari mmoja wa kijani ambao programu iliutembeza juu ya ukurasa kadiri wimbo ulivyosonga.

"Piga tena."

"Mara ya tano?"

"Mimi ni mzito. Piga."

Mstari wa kijani ulitembea. Ulipita juu ya noti za wanawake, nazo zikalia. Ulipita juu ya noti za sauti ya tatu, zile zilizodaiwa kupandikizwa. Inspekta aliinamisha kichwa kuelekea spika.

"Hizi ulizonionyesha," alisema, "mbona hazilii?"

Kiongozi wa kwaya alikohoa. "Programu mpya hiyo, Afande. Ina mambo yake."

"Zile nyingine zinalia."

"Basi shangazi amefanya ujanja. Anaujua huo ujanja kuliko mtu yeyote." Alifungua orodha ya mafaili kwa haraka kidogo. "Cha maana ni hiki. Tarehe. Faili liliguswa lini mara ya mwisho? Jumamosi. Hili? Jumamosi. Yote, Jumamosi. Na Jumamosi nani aliingia humu? Muulize mlinzi. Tena juma hilo hilo alikuwa amesimama mbele ya kamati akatunyoshea kidole: 'Mtanikumbuka.' Watu wote walimsikia."

"Aliudhiwa na nini?"

"Alikuwa hataki tuhamie programu mpya."

"Wewe mwenyewe Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nilipita tu."

Inspekta aliomba ukurasa mmoja uchapwe, akaukunja na kuutia mfukoni. Getini alimkuta mlinzi akikwaruza betri za redio kwa sarafu.

"Yule bibi? Alikuja, ndiyo. Alisahau miwani yake. Aliingia, akatoka."

"Alikaa kwa muda gani?"

"Redio ilikuwa kwenye matangazo ya biashara. Matangazo hayajaisha, bibi huyo katoka, miwani puani, kanigombeza kwa kuketi kwenye ngazi."

Inspekta alishukuru, akaenda zake. Baadaye alijilaumu kwa kutouliza swali moja zaidi, lakini mguu wa kushoto ulikuwa ukimwuma, na jua lilikuwa limekwisha kupanda.

*

Katika chumba cha mahojiano mchapaji wa noti aliketi wima, mkoba mapajani, kana kwamba ni yeye aliyewaita polisi na walikuwa wamemchelewesha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwenzako hakunisalimu hata siku moja."

"Yuko likizo."

"Natumaini anajifunza."

Inspekta aliketi. Alikuwa amejiandalia maswali njiani, lakini bibi alimtangulia.

"Tangu niletwe hapa nimeulizwa kwa nini nimefanya, nimeulizwa nilifanya na nani, nimeulizwa kama ninajuta. Hakuna hata mmoja aliyenionyesha ni nini kilichofanywa."

Inspekta aliduwaa. Alipekua jalada la kesi kutoka jani la kwanza hadi la mwisho. Ilikuwa kweli. Maelezo ya mlalamikaji yalikuwamo, maelezo ya kamati yalikuwamo, na neno "uharibifu" lilirudiwa katika kila aya. Lakini huo uharibifu wenyewe haukuwahi kuwekwa mbele ya mshukiwa. Alitoa ule ukurasa mfukoni, akaunyosha kwa kiganja na kuusukuma mbele yake.

Bibi alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika kwenye sauti ya tatu, kidole kilisimama. Kisha mabega yake yakatikisika, na Inspekta akadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Mabubu wangu," alisema. "Nani amewavua nguo?"

"Bibi?"

"Hizi noti ni zangu. Niliziweka mimi."

Inspekta aliishika kalamu. "Jumamosi?"

"Jumamosi gani? Huu wimbo niliuingiza wakati kiongozi wenu huyo bado anavaa kaptura." Alivua miwani. "Nisikilize, kwa maana sitasema mara mbili. Programu yetu ya kwanza ilikuwa na kiburi. Ukiiachia nafasi tupu, inajijazia alama za kimya kwa mtindo wake yenyewe, maneno ya wimbo yanasukumwa, ukurasa unaharibika. Nikaona afadhali niweke noti ya kawaida, ishike nafasi tu. Kisha nikawa naifanyia mambo mawili. Naizima sauti. Halafu naibadilisha kichwa: miongoni mwa herufi za programu ile kulikuwa na moja isiyo na umbo, tupu kabisa. Naivisha hiyo, haionekani. Juu yake nachora alama ya kimya kwa mkono wangu, pale ninapotaka mimi. Noti haionekani wala haisikiki, ipo tu. Ndiyo maana naziita mabubu."

"Na hivi visanduku vidogo vilivyo juu yao?"

"Hizo ndizo alama zangu za kimya. Mashine yao mpya haina herufi zangu. Isichokijua inakichorea kisanduku, na ile herufi tupu isiyoijua imeirudishia kichwa."

"Sauti je? Mbona imebaki imezimwa?"

"Sauti haihusiani na herufi. Sauti ni nambari tu. Nambari zinasafiri salama."

Inspekta aliandika polepole. Maelezo yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Alikuwa amekwisha sikia maelezo mengi mazuri katika chumba kile, mengine yakisindikizwa na machozi.

"Kaka yako alijua habari za mabubu?"

"Kaka yangu aliletewa karatasi safi. Hakuuliza."

"Na mwanawe?"

"Nilimwambia asihamie programu mpya kabla hatujachapa kila wimbo kwenye karatasi. Kila wimbo. Akasema karatasi ni mambo ya kale."

"Ulimwambia ni kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza bibi alitazama pembeni. Vidole vyake vilifungua kishikizo cha mkoba, vikakifunga.

"Nilimwambia mtanikumbuka."

"Hilo si jibu la swali langu, Bibi."

"Najua kwamba si jibu." Aliuvuta mkoba karibu naye. "Kitabu cha maelekezo ya programu kilikataza kufanya hivyo. Mimi, ninayewafokea waimbaji kwa kuvuta pumzi mahali pasipopaswa! Ningesimamaje mbele ya kamati niseme kwamba kazi yote ya ndugu yangu nimeishonea kwa uzi wa kuazima?"

Inspekta alifunga jalada. Aliwaza jambo moja tu: mtu anayetaka kuharibu wimbo hawezi kuhangaika kuzizima sauti noti alizozipandikiza. Lakini wazo si ushahidi, na mkuu wa kituo hakuwa mtu wa kupelekewa mawazo.

*

Karakana ya fundi wa kompyuta ilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, na mtu ilimbidi ajikunje ili aingie. Fundi alikuwa na bisibisi nyuma ya sikio na hakuinua macho.

"Kama ni kioo cha simu, rudi kesho."

"Ni polisi."

"Basi rudi kesho kutwa." Kisha akainua macho, akaona kitambulisho, akavuta kigoda. "Kaa, Mzee. Natania tu. Watu wenyewe wanaokuja hapa wana nyuso za msiba."

Inspekta aliketi kwa shukrani ya kweli. Alimfunulia ukurasa ule na kumwuliza ni lini alihamisha nyimbo za kwaya.

"Ijumaa. Nilitoa kwenye kompyuta ya zamani, nikaweka kwenye mpya, pamoja na programu mpya. Ile ya zamani nikaifuta kama walivyosema, ikapelekwa kwa jamaa mwingine."

"Na herufi za programu ya zamani?"

"Herufi?" Fundi alijikuna kidevu. "Mtu ananiambia nihamishie nyimbo, mimi nahamisha nyimbo. Hakuniambia nyimbo zina nguo zake."

Neno lile lile, nguo, kutoka vinywa viwili visivyowahi kukaa pamoja. Inspekta alisogeza kigoda.

"Kuna chochote kilichobaki kwako? Hata kimoja?"

"Kimoja kipo. Kabla sijawakabidhi nilijaribu wimbo mmoja hapa kwenye mashine yangu, ndani ya hiyo programu mpya, nione kama unafunguka. Sijaugusa tena." Alifuta vumbi la kibodi kwa mkono wa shati, akatafuta, akaupata. "Tazama tarehe. Hata mimi sikuwa nimeanza kazi."

Tarehe ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Fundi aliufungua wimbo, na mistari mitano ikajitandaza. Inspekta hakuhitaji kujua kusoma. Katika sauti ya tatu kulikuwa na ndege wale wale wametua, kila mmoja na kisanduku chake juu ya kichwa.

"Upige," alisema.

Mstari ulitembea, ukawafikia, ukawapita. Hakuna kilicholia.

"Unaweza kuwafanya walie? Hao tu?"

"Naweza. Nikipandisha hii namba." Fundi alibofya hapa na pale, kisha akageuka na macho yaliyong'aa. "Mzee, au ni ujumbe? Marehemu ameficha kitu kwenye nyimbo zake?"

Wote wawili waliinamia spika. Ikalia noti moja. Ikalia tena ile ile. Ikalia ile ile tena, na tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu, mpaka ukurasa ukaisha.

"Sio ujumbe," alisema fundi kwa masikitiko.

"Sio. Ni vigingi tu." Inspekta alihisi kitu kikilegea mabegani. Mabubu walikuwapo tangu mwanzo. Hakuna aliyepandikiza chochote Jumamosi. "Ila bado tarehe zinanishinda. Huu wimbo wako una tarehe ya zamani. Kule kwao zote zina tarehe ya Jumamosi. Kwa nini?"

"Hilo ni jepesi. Ukifungua wimbo wa zamani ndani ya programu mpya, ukautazama, ukaufunga, haudhuriki. Lakini kabla ya kuufunga programu inakuuliza: nihifadhi kwa mtindo mpya? Ukijibu ndiyo, mpya unakaa juu ya ule wa zamani. Wa zamani ndio kwaheri. Mimi nilijibu hapana, ndiyo maana wangu uko mzima." Alifunga wimbo, akabofya hapana mbele ya macho ya Inspekta. "Na hata kama ningeleta zile herufi leo, kule kwao hazisaidii tena. Wakati wa kuhifadhi, mashine ilishasahau nani alivaa nini. Hayo nilimwambia hata yeye."

"Yeye nani?"

"Kiongozi wao. Si alikuja hapa Jumanne? Ana karatasi kama hiyo yako. Akaniuliza kuna njia ya kurudi nyuma? Nikamwambia njia ilikuwapo, ilikuwa ni kujibu hapana. Akaondoka bila kuniaga."

Inspekta alibaki ameketi. Fundi alirudi kwenye kazi yake, akakaza parafujo mbili, akainua tena macho kuona kama mgeni bado yupo. Alikuwapo. Alikuwa akiitazama ile siku ya Jumanne kama mtu anayetazama jino lililong'olewa. Shangazi alikamatwa Jumatano, saa chache baada ya mlalamikaji kufika kituoni na kutia sahihi.

"Huo wimbo usiufungue tena," alisema hatimaye, akiinuka kwa kushika ukuta. "Wala usiufute. Nitatuma mtu."

*

Getini alimkuta mlinzi pale pale, redio sasa ikiimba.

"Nimerudi na swali nililolisahau. Jumamosi ile, mbali na bibi, nani mwingine alikuwa chumba cha muziki?"

"Kiongozi mwenyewe. Alishinda humo. Alitoka kwenda kula tu, na ndipo bibi alipokuja."

"Hukuniambia asubuhi."

"Uliniuliza habari za bibi, Mzee. Ningekuambia za wengine ungesema mimi ni mmbeya."

Kiongozi wa kwaya alikuwa bado kwenye chumba cha muziki, akiweka viti katika safu zisizohitajika na mtu. Inspekta alivuta kiti kimoja kutoka kwenye safu na kuketi. Hakuwa na nguvu za kuzunguka.

"Jumamosi ulikuwa ukifanya nini hapa kutwa nzima?"

"Nilikuambia nilipita…"

"Mlinzi anasema ulishinda. Na nyimbo ni nyingi. Kuzifungua zote, kuzihifadhi zote, ni kazi ya siku nzima. Shangazi yako alikaa humu kwa muda wa matangazo ya redio. Sema tu, ndugu yangu. Mimi nimechoka na wewe umechoka."

Kiongozi wa kwaya aliendelea kushikilia kiti kwa mikono miwili. Kisha akakiweka chini na kukikalia, akawa mdogo ghafla.

"Nilikuwa nakagua," alisema. "Nilitaka kuhakikisha ziko salama. Nafungua wimbo, naona umefunguka, namshukuru Mungu. Programu inauliza nihifadhi? Najibu ndiyo. Nani angejibu hapana? Nikisikia kuhifadhi, kwangu mimi maana yake ni kulinda. Naenda wa pili."

"Hukuona noti zilizozidi?"

"Nilitazama ukurasa wa kwanza tu. Sauti ya kwanza. Ziko nyingi, Afande! Kufika mchana nilikuwa sioni tena noti, naona siafu."

"Jumapili ikawa aibu."

"Jumapili nilisema kile nilichokiamini. Alikuwa ametutishia. Alikuwa ameingia humu. Niliamini, haki ya Mungu."

"Jumapili, sawa. Halafu ulijua lini?"

"Alhamisi. Alikuwa ameshakamatwa, nikaogopa…"

"Fundi anasema Jumanne."

Nje mlinzi aligeuza redio kutoka kituo hiki hadi kingine. Kiongozi wa kwaya alitazama mikono yake.

"Jumatano asubuhi ulikuja kituoni," Inspekta alisema, bila kupandisha sauti, kwa kuwa sauti ya kupandisha hakuwa nayo. "Jalada ninalo. Uliandika, 'Ninathibitisha kwamba ni yeye.' Ulikuwa umekwisha jua."

"Nilikuwa nimekwisha sema mbele ya watu wote. Kamati ilikuwa inanisubiri niende polisi. Ningerudi niwaambie nini? Kwamba kazi ya Baba yote nimeifuta mimi, kwa kidole changu, moja moja, huku nikimshukuru Mungu?" Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nilidhani watamwuliza maswali mawili, wamwachie. Ni mtu mzima. Sikujua watamlaza."

"Alilala kwenye sakafu. Ananiambia amegombana na askari wa zamu kuhusu usafi wa ndoo."

Kiongozi wa kwaya alitaka kucheka, kicheko kikatoka kama kwikwi.

Inspekta alimpigia simu mkuu wa kituo kutoka kwenye ngazi. Alimweleza kwa kifupi, akasikiliza, akaomba gari, akaambiwa gari halina mafuta, akaomba tena.

*

Bibi alipotolewa mahabusu alikataa kupelekwa nyumbani. Alitaka kupelekwa kwenye mashine. Aliingia chumba cha muziki jua likiwa bado limeegemea dirishani, akasimama mbele ya mwana wa kaka yake, naye kijana huyo, aliyekuwa na mvi za kwanza masikioni, akashuka magotini kwenye sakafu ya saruji.

"Shangazi, nisamehe."

"Inuka, unachafua suruali. Sogeza kiti."

Aliketi, akabandua ule utando wa nailoni kwenye skrini kwa mvuto mmoja na kuutupa kapuni, kisha akafungua wimbo. Aliusogeza hadi kwenye sauti ya tatu. Akaupiga. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mstari wa kijani ukatembea, mabubu wakapitwa mmoja baada ya mwingine bila kutoa sauti, na uso wake, ambao hadi hapo ulikuwa umefungwa kama kabati, ukalegea kidogo.

"Bado hawasemi," alisema. "Nguo zimepotea, ububu wamebaki nao."

"Maana yake nini, Bibi?" aliuliza Inspekta.

"Maana yake ni kwamba mtu akikaa akasikiliza, atajua. Noti inayolia ni ya kaka yangu. Isiyolia ni yangu, iondolewe, iwekwe alama ya kimya iliyo halali. Nyimbo hazikupotea. Zinataka mtu wa kuzikalia."

Kiongozi wa kwaya alishusha pumzi ndefu. "Ahsante, Shangazi. Ahsante. Utaanza na zile za onyesho?"

Bibi aliinuka. Alikigeuza kiti na kukishikilia mgongo, kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani.

"Wewe."

"Mimi? Shangazi, ziko nyingi mno."

"Aliyezitunga nyingi ni baba yako. Kamlaumu yeye. Keti."

Akaketi. Inspekta alikuwa amesimama karibu na kabati, jalada kwapani. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuweza kungoja.

"Bibi, wewe uko huru, hilo limekwisha. Lakini kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa, na aliyeumizwa ni wewe. Nahitaji kauli yako. Ukitaka huyu ashtakiwe, ninaye. Niandike nini?"

Kiongozi wa kwaya hakugeuka, lakini mkono wake ulikuwa umeganda juu ya kipanya.

"Leo ukiniuliza nitakuambia umfunge," alisema bibi.

"Na kesho?"

"Kesho pia. Rudi tutakapokuwa tumemaliza wimbo wa mwisho, uniulize tena." Alivaa miwani yake. "Na humo kwenye jalada lako uandike habari za mabubu, kwa jina langu. Mtu akirithi kazi hii baada yangu ajue nilifanya nini, na kwamba sikumwambia mtu. Hilo halina sababu ya kungoja."

Inspekta aliliandika pale pale, amesimama, kalamu ikikwama kwenye karatasi. Kisha akaaga. Hakuna aliyemjibu, kwa maana wimbo ulikuwa umekwisha anza. Alishuka ngazi mbili, mguu ukamwuma, akaketi kwenye ile ya tatu apumzike kidogo kabla ya kulitafuta gari. Mlango ulikuwa umeachwa wazi nyuma yake.

Wanawake wa mashine waliimba peke yao, wakafika mahali, wakasimama.

"Hii inalia au hailii, Shangazi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sikusikia vizuri."

"Basi rudia."